Nusu Ukurasa kwa Siku

Katika kijiji kimoja upande wa Marangu kuna kaunta buku imefungwa ndani ya kipande cha kitenge na kuwekwa juu ya kabati. Ilikuwa mali ya mzee mmoja aliyejiunga na kisomo chetu akiwa na miaka 61. Alipofariki, mjukuu wake aliniletea ili niisome.

Kurasa 63 zimeandikwa. Nyingine zote ni nyeupe. Hadithi yenyewe ni ya ndugu wawili wa tumbo moja wanaogombea maji ya mfereji, ule ambao sisi huku mlimani tunauita mfongo. Usiku mmoja maji yanakatika ghafla. Ndugu mkubwa anachukua panga na tochi, anapanda gizani mpaka kwenye banio kutazama ni nani aliyeziba. Anafika. Anamwona mtu ameinama majini, mgongo wake umelowa. Anamulika tochi. Na hapo maandishi yanaishia, katikati ya sentensi.

Ni nani aliyeziba maji? Mzee amekwenda na jibu. Watoto wake wanabishana mpaka leo. Mmoja anasema ni ndugu mdogo. Mwingine anasema hapana, baba alikuwa akielekea kwenye jani la isale, yaani kwenye kusameheana, kwa hiyo lazima awe mtu wa nje. Hakuna anayejua.

Ndugu msomaji, mzee yule ninamkumbuka vizuri. Zile kurasa 63 aliziandika kwa usiku tisa tu. Asubuhi ya siku ya kumi alikuja darasani macho mekundu kama pilipili, akaniambia, "Mwanangu, hadithi imenishika, hainiachi nilale." Nami nikamsifu sana mbele ya wenzake. Nikamwambia hongera. Sikumwambia jambo jingine lolote.

Usiku wa kumi mgongo ulimkataa. Kisha kahawa ikaiva, ikabidi ichumwe. Kisha kukawa na msiba kwa jirani. Kisha, kama alivyoniambia mwenyewe baadaye, akaanza kuona haya kulishika lile daftari. Alisema, "Nikipata nafasi nzuri nitakaa niimalize yote kwa mara moja." Nafasi nzuri haikuja. Na mzee aliishi miaka minne baada ya hapo. Miaka minne mizima.

Makala hii ninaiandika kwa sababu ya kaunta buku ile. Katika madarasa yetu ya Moshi wapo wanakisomo wengine wanaotaka kuandika riwaya, na sitaki kuwasifu tu halafu nikae kimya.

Riwaya ni ndefu kuliko usiku mmoja

Riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni, inayojaza kitabu kizima. Ina watu wengi, siku nyingi, na mambo yanayozaana. Hadithi fupi unaweza kuiandika ukiwa umekaa mara moja au mara mbili. Riwaya haikubali hivyo. Ni kama kihamba. Huwezi kusema leo nitalima, nitapanda migomba na kahawa, nitakata majani ya ng'ombe, na kesho nile ndizi. Kihamba hulimwa kila siku kidogo, na anayekijia mara moja kwa mwezi kwa nguvu nyingi hukuta magugu yamemshinda.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Chukua daftari lako la kawaida. Hesabu mistari ya ukurasa mmoja. Langu lina mistari 28. Sasa hesabu maneno katika mstari mmoja kwa mwandiko wako. Mimi huandika maneno 7 hivi. Basi 28 mara 7 ni 196. Ukurasa wangu mmoja ni maneno karibu 200.

Sasa tuseme unaandika nusu ukurasa kwa siku, yaani mistari 14. Siku moja katika juma unapumzika na kwenda kusali. Siku sita zinabaki, nawe unapata kurasa 3. Mwaka una majuma 52. Tuondoe majuma 12 kwa ajili ya mavuno, misiba, magonjwa na sikukuu. Yanabaki 40. Majuma 40 mara kurasa 3 ni kurasa 120. Ni maneno 23,500 na ushee. Endelea hivyo mwaka mmoja na robo, utakuwa karibu na maneno 30,000. Hiyo ni riwaya fupi iliyokamilika, ina mwanzo, kati na mwisho.

Rudi sasa kwa mzee wetu. Kurasa zake 63 zingechukua majuma 21 kwa mwendo huo wa pole. Unaweza kusema amechelewa. Lakini katika miaka minne aliyobakiwa nayo, kwa mwendo huohuo, angeandika kurasa 480. Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza niliweka kalamu chini nikatoka nje.

Mwandishi aliyekufa chini ya mlima

Kuna Mmarekani mmoja aliyeandika hadithi yenye jina la mlima wetu. Jina lake ni Ernest Hemingway. Alikuja Tanganyika kuwinda, mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934. Akiwa huku aliugua kuhara damu mpaka akachukuliwa kwa ndege kupelekwa Nairobi kutibiwa. Mwaka 1936 alitoa hadithi fupi iitwayo The Snows of Kilimanjaro, maana yake Theluji ya Kilimanjaro.

Watalii wengi wanaopita Moshi wanalijua jina la hadithi hiyo, lakini sijui ni wangapi wameshika habari yake. Si habari ya kupanda mlima. Ni habari ya mwandishi anayekufa porini. Alichomwa na mwiba mguuni, akapuuza kuweka dawa, mguu ukaoza. Gari limeharibika. Amelala kitandani anangoja ndege. Na kitu kinachomuuma zaidi ya mguu ni hadithi zote alizoziweka akiba kichwani, akisema ataziandika atakapokuwa tayari. Sasa anazikumbuka moja moja, na hakuna hata moja atakayoiandika.

Yaani ni mzee wetu wa Marangu kabisa, isipokuwa huyu alikuwa na mke tajiri na alikuwa na bunduki.

Huyo Hemingway mwenyewe hakutaka yampate yale aliyomwandikia mtu wake. Alipokuwa akiishi Kuba aliandika asubuhi mapema, mara tu kunapopambazuka, mara nyingi akiwa amesimama. Ukutani aliweka kipande cha boksi, na juu yake aliandika kila siku idadi ya maneno aliyoandika. Alieleza kwamba alifanya hivyo asije akajidanganya. Hesabu zake nyingi zilikuwa kama maneno 500 kwa siku, mara yakipungua, mara yakizidi. Na huyu ni mtu aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1954, tuzo kubwa kuliko zote duniani kwa waandishi! Maneno 500 ni kurasa mbili na nusu za daftari langu. Basi wewe na mimi tunaolisha ng'ombe kabla ya kwenda kazini, tusione haya kwa nusu ukurasa.

Alikuwa na desturi nyingine nzuri. Aliacha kuandika wakati bado anajua jambo linalofuata. Hakukamua mpaka tone la mwisho. Kesho yake alipokaa, alikuwa na pa kuanzia. Sisi tunalijua jambo hili kwa maji. Wale wenye bwawa dogo la kukusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi wanafungua na maji yanakwenda kwa nguvu mpaka mwisho wa shamba. Asiye na bwawa hungoja mtiririko mwembamba unaoishia njiani. Kwa hiyo usifunge daftari pale ulipokwama. Lifunge pale ambapo unatamani kuendelea. Ni vigumu, najua. Lakini jaribu juma moja uone.

Karani wa posta na kikombe cha kahawa

Mtu aliyefuata kipimo cha siku kuliko wote ninaowafahamu ni Mwingereza wa zamani, Anthony Trollope, aliyefariki mwaka 1882. Alikuwa mfanyakazi wa posta. Yale masanduku ya barua yanayosimama kando ya barabara huko Uingereza, yeye ni mmoja wa waliosababisha yawepo. Aliandika riwaya 47, na nyingi aliziandika akiwa bado mwajiriwa wa serikali.

Alifanyaje? Aliamka ili saa kumi na moja na nusu alfajiri awe amekaa mezani. Alimlipa mtumishi wake pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. (Sisi tunaolima kahawa tusiilete mezani kwetu! Ukienda nyumba nyingi za huku mlimani utapewa chai.) Nusu saa ya kwanza alisoma alichoandika jana. Kisha aliweka saa mbele yake na kuandika maneno 250 kila robo saa. Ilipofika saa mbili na nusu aliacha, akavaa, akaenda kazini. Alikuwa na kitabu cha kumbukumbu alimoandika idadi ya kurasa za kila siku, na siku aliyokuwa mvivu ilibaki pale ikimtazama. Siku moja alimaliza riwaya moja, na kesho yake akaanza nyingine.

Alipokuwa safarini aliandika kwa penseli ndani ya treni. Mimi nimejaribu kuandika ndani ya Hiace ya kutoka Moshi kwenda Mwika. Mwandiko ulikuwa kama kuku amepita kwenye matope. Siwashauri.

Mwaka 1883 kitabu cha maisha yake kilipochapishwa na watu wakajua siri hii, baadhi walimdharau. Walisema mtu anayeandika kwa saa mkononi si mwandishi, ni fundi viatu. Yeye mwenyewe alikwisha kujifananisha na fundi viatu, wala hakuona kama ni tusi. Fundi viatu hangoji roho imshukie. Anakaa, anashona.

Lakini lazima niseme ukweli hapa. Usimwige Trollope katika idadi. Maneno 250 kila robo saa ni mwendo wa mtu aliyeandika maisha yake yote, na aliyekuwa na mtumishi wa kumletea kahawa. Mwige katika kukaa tu. Mwanakisomo mmoja niliyemsimulia habari hii alijipangia kurasa kumi kwa siku. Siku ya tatu alikuwa amejaza daftari kwa salamu tu: watu wanakutana, wanaamkiana, wanauliziana habari za nyumbani, za ng'ombe, za watoto, mpaka ukurasa unaisha. Kipimo kikubwa mno huzaa maneno ya kujaza nafasi. Hilo ndilo baya la kipimo, na wanaolisema hawakosei.

Namna ya kupata kipimo chako

Watu wengi hupanga kipimo siku wanayojisikia vizuri. Hapo ndipo kosa huanzia. Siku njema ungeweza kuandika kurasa nne, basi unasema kila siku nitaandika nne. Kesho mvua inanyesha, mtoto ana homa, ng'ombe hajakamuliwa. Unaandika mistari mitano, unajiona umeshindwa, na kesho kutwa hulishiki daftari. Panga kipimo kwa siku yako mbaya. Jiulize: siku ile niliyochoka kuliko zote juma lililopita, ningeweza kuandika mistari mingapi? Ukipata jibu, hicho ndicho kipimo. Kama ni mistari sita, ni sita. Siku njema utazidisha mwenyewe bila kulazimishwa.

Kwa juma la kwanza usijipangie kitu. Andika tu, na kila siku weka alama mwisho wa maandishi, uhesabu mistari. Siku ya saba tazama ile ndogo na ile kubwa. Kipimo chako kitakuwa karibu na ile ndogo.

Hesabu mistari, usihesabu maneno. Kuhesabu maneno kunachosha, na kwa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani kunakula muda wa kuandika. Mistari unaiona kwa jicho. Tena unaweza kupiga msitari mwepesi wa penseli mahali utakapoishia leo, kabla hujaanza. Ukiufikia, umemaliza kazi ya siku.

Chagua saa, na saa hiyo iwe ileile. Kwa akina mama wengi wa huku saa nzuri ni alfajiri kabla ya nyumba kuamka, au mchana jua likiwa kali, wakati mtu amerudi na mzigo wa majani na anapumua kidogo. Kwa akina baba naona ni jioni kabla ya kwenda kwenye mbege. Nimesema kabla. Baada ya mbege mtu huona ameandika vizuri sana, mpaka kesho asubuhi anapoisoma.

Ukikosa siku moja, usilipe deni. Hili wengi hawakubaliani nami. Wanasema, jana sikuandika mistari yangu 14, basi leo niandike 28. Mimi nasema hapana. Deni hukua. Ukikosa siku tatu utadaiwa mistari 42, ukikosa juma utaogopa daftari lako kama mtu anavyoogopa kupita mbele ya duka analodaiwa. Siku iliyopita imepita. Leo ni mistari 14.

Pia usirudi nyuma kusahihisha wakati bado unaandika. Soma ya jana tu ili ushike njia, kisha endelea. Kama umegundua kwamba mjomba uliyemuua katika ukurasa wa 20 unamhitaji katika ukurasa wa 50, andika pembeni "mjomba asife", uendelee kana kwamba yu hai. Kazi ya kusahihisha itakuwa na siku zake. Mwanakisomo mmoja ameandika ukurasa wake wa kwanza mara kumi na moja. Ni ukurasa mzuri sana. Hana wa pili.

Majira ya mwaka

Vitabu vya kufundisha uandishi vingi vimeandikwa na watu wasiochuma kahawa. Vinasema andika sawasawa kila siku ya mwaka. Huku kwetu haiwezekani, na mtu asikudanganye.

Kahawa ikianza kuiva, siku inakuwa fupi. Unachuma mbivu, unaimenya siku hiyohiyo, unaivundika, unaiosha, unaianika kwenye vichanja, na ukisikia mvua unakimbia kuifunika. Majira hayo punguza kipimo kiwe theluthi, mistari minne au mitano. Usikiache kabisa. Mistari minne haiendeshi riwaya mbele sana, lakini inakufanya usiisahau. Hadithi ikikaa miezi mitatu bila kuguswa, watu wake wanakuwa wageni kwako. Unasahau nani alikuwa na kovu, na nani alimkopesha nani. Kuwazoea tena kunachukua muda mrefu.

Masika nayo ina shamba la chini la mahindi. Desemba ina wageni: watoto na wajukuu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, nyumba inajaa, hakuna meza iliyo tupu. Mimi Desemba sijipangii kuandika. Ninasikiliza. Wazee wakikaa pamoja wakati huo wanatoa hadithi ambazo huzipati mwaka mzima. Andika majina na jambo kuu kwenye karatasi ndogo, uweke. Januari utazitumia.

Na msiba ni msiba. Ukiwa na msiba usiandike, wala usijione mwenye kosa.

Nani atanichapishia?

Swali hili huulizwa katika kila darasa, mara nyingi hata kabla mtu hajaandika mstari mmoja. Jibu langu ni kwamba kitabu ambacho hakijaisha hakichapishwi na mtu yeyote. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali tangu 1926, akiandika mashairi na hadithi pamoja na kazi yake ya ofisini. Alipofariki mwaka 1962 vitabu vyake vingine vilikuwa bado havijachapishwa, lakini vilikuwa vimeandikwa, ndiyo maana sisi tunavisoma. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alifungwa bila mashtaka mwishoni mwa 1977, akatolewa Desemba 1978. Akiwa gereza la Kamiti aliandika riwaya nzima kwa Kikikuyu juu ya karatasi ya chooni, maana hakuwa na daftari. Imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani. Hapa kwetu mlimani Petro Itosi Marealle, aliyekuwa mangi wa Marangu, alitoa mwaka 1947 kitabu cha mila, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Si riwaya, lakini ni kazi ndefu, na kazi ndefu zote huomba uvumilivu uleule.

Ila habari ninayopenda kuisimulia zaidi ni ya Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria. Alizaliwa mwaka 1896. Yeye na mke wake walizaa watoto wakafa wote wakiwa wadogo. Aliandika riwaya kubwa juu ya mume na mke wanaotafuta mtoto, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya watu wake, akaimaliza mwaka 1945. Hakupatikana mchapaji wa lugha ile. Alipokuwa mzee alikaa tena na kuitafsiri yote kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, neno kwa neno, kitabu kinachojaza juzuu mbili nene. Kilichapishwa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House, miaka 35 baada ya kukamilika. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Nilipowasimulia hayo darasani kulikuwa na kimya. Kijana mmoja akasema, "Sasa mwalimu, ilimsaidia nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Mama mmoja aliyekaa nyuma, wa miaka kama 60, ndiye aliyemjibu. Alisema, "Mwanangu, lakini ule mwisho si tunaujua?"

Mama huyo naye anaandika. Jicho lake moja lina mtoto wa jicho na anangoja kupasuliwa, kwa hiyo anaandika kwa mwanga wa mchana tu, kwenye kigoda karibu na mlango, mistari tisa kwa siku. Ukutani ametundika kalenda, na kila siku anayoandika anatia alama ya mkaa. Nilipomtembelea mwezi uliopita aliniruhusu niitazame. Wakati wa kuchuma kahawa alama ni chache, zimetawanyika kama kuku. Kuna juma moja tupu kabisa. Hapo alimzika shemeji yake. Kisha mistari tisa, tisa, tisa.

Yuko ukurasa wa 71. Nilimwomba aniambie hadithi itakwishaje. Alicheka, akafunika daftari kwa kanga, akaniambia nile ndizi kwanza.